Shajara ya mradi: uzito, pumzi na chumvi katika nyumba 18 za wagonjwa wa moyo, Kisumu

Mradi huu unawahusu watu wazima ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Wana dawa na wana tarehe za kliniki, lakini kati ya tarehe moja na nyingine wako nyumbani na jamaa zao, na huko ndiko maji yanakojaa mwilini. Tunachotafuta ni njia ya familia kuiona dalili mapema na kuchukua hatua siku hiyo hiyo, kabla mgonjwa hajapelekwa hospitalini usiku akihema. Nyumba ziko Nyalenda, Manyatta na upande wa Ahero kwenye tambarare za Kano. Tunaandika hatua zilizokwama kwa urefu zaidi, kwa sababu ndizo zitakazomgharimu muuguzi wa Busia, Kakamega au Nakuru atakayetaka kuufanya mradi huu kwake.

20 Januari 2025: Vibali na makubaliano

Kamati ya maadili kwanza, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha barua ya idara ya afya ya kaunti. Usichapishe fomu nyingi kabla kamati haijamaliza maswali yake, kwa maana kila badiliko linadai toleo jipya lenye namba na tarehe, na nakala za zamani huwa za kuwashia moto tu. Fomu ya ridhaa iko kwa Kiswahili na Dholuo. Karatasi zinazokaa nyumbani hazina jina, zina namba ya siri peke yake; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za afya zilindwe, na jirani anayeingia kuomba kiberiti hana haja ya kujua nani anaumwa nini.

Jambo la kutoruka ni hili: daktari wa kliniki awe ameandika na kutia sahihi mpango wa kila mgonjwa. Uzito ukipanda, aongeze furosemaidi (dawa ya maji, inayoyatoa mwilini kwa mkojo) kiasi gani, kwa siku ngapi, na ampigie nani simu. Muuguzi hawezi kubuni kipimo cha dawa, na mgonjwa akiambiwa tu "uje kliniki" Jumamosi jioni, kumpima kumekuwa kazi bure. Mwaka 2012 Barbara Riegel, Tiny Jaarsma na Anna Strömberg waliigawa kazi ya mgonjwa wa maradhi sugu katika sehemu tatu: kudumisha hali, kufuatilia dalili, na kuzishughulikia. Mafundisho mengi ya wodini huishia kwenye ya kwanza, yaani meza dawa, punguza chumvi. Hapa tumeanza na ya tatu na kurudi nyuma. Hakuna dalili iliyoingia kwenye karatasi yetu kama haina hatua yake.

3 Februari: Mizani na sakafu ya udongo

Kwa nini uzito? Lita moja ya maji yaliyobaki mwilini ni karibu kilo moja kwenye mizani, na mtu anaweza kubeba lita kadhaa kabla kifundo cha mguu hakijavimba cha kuonekana. Kanuni tunayoitumia ni ile ya kawaida katika huduma ya moyo: kupanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni onyo.

Mizani ni za kidijitali za bafuni, KSh 1,200 kila moja. Ofisini zote zilisoma sawa. Nyumbani zikavurugika. Kwenye sakafu ya saruji hazikuwa na shida, lakini kwenye udongo uliokandikwa, mtu yule yule akipanda na kushuka alipata namba tofauti kwa zaidi ya kilo moja, na kwenye zulia la plastiki lililotandikwa juu ya udongo ilikuwa mbaya zaidi. Sababu ni miguu minne ya mizani. Vihisi viko ndani ya hiyo miguu. Mguu mmoja ukizama, au kitako cha mizani kikigusa chini, sehemu ya uzito haipiti kwenye kihisi. Mizani yenye kosa la kilo moja haiwezi kutoa onyo la kilo 2.

Kipimo cha kuijaribu mizani papo hapo ni paketi ya unga wa mahindi ya kilo 2, ambayo kila nyumba inayo au duka la jirani linayo. Mtu apande, asome. Ashuke, apande tena akiwa ameishika paketi kifuani. Tofauti iwe kati ya 1.8 na 2.2. Ikitoka nje ya hapo, tatizo ni sakafu au betri, na siku hiyo usiandike chochote. Tunapendelea jaribio hili kuliko mtungi wa maji wa lita 20, kwa sababu mitungi hujazwa hadi shingoni na huzidi lita 20, na isitoshe mgonjwa wa moyo hafai kuubeba.

17 Februari: Mbao za plaiwudi

Bamba moja la plaiwudi la futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, hutoa vipande 18 vya sentimita 40 kwa 40 ukipanga sita kwa urefu na vitatu kwa upana. Nafasi inayobaki ni ndogo, kwa hiyo mwambie fundi atumie msumeno wa mashine wenye jino jembamba. Plaiwudi KSh 3,600, fundi KSh 600, yaani karibu KSh 233 kwa nyumba. Milimita 9 ni rahisi zaidi kwa bei lakini hupinda katikati mtu wa kilo 80 akisimama, na ugonjwa unarudi ule ule.

Sawazisha udongo kwa jembe, mwaga kikombe cha mchanga mkavu, laza ubao, kisha ukanyage pembe zote nne. Pembe ikicheza, ongeza mchanga chini yake. Mizani ikae juu ya ubao huo huo, mahali pale pale, mbali na mlango.

Mambo matatu yaliibuka baadaye, na kila moja lilitupotezea data. Chini ya mizani kuna kitufe cha kubadili kilo kuwa ratili. Kilibonyezwa na mtoto, na mgonjwa wa kilo 60 akasomeka 132, familia ikaingiwa na hofu. Kibandike utepe mgumu tangu mwanzo. La pili, mizani ikihamishwa au kuegeshwa ukutani hujipanga upya inapowashwa, kwa hiyo usomaji wa kwanza baada ya kuhamishwa hutupwa na wa pili ndio unaoandikwa. La tatu, betri ya CR2032 ikichoka, namba hufifia na kuyumba kabla mizani haijazima kabisa. Tunaweka betri ya akiba kwenye bahasha iliyogundishwa nyuma ya karatasi ya dalili.

Uzito wa msingi, yaani ule wa kulinganishia, usichukuliwe kliniki. Mizani ya kliniki na ya nyumbani hazisemi namba moja, na mgonjwa akilinganisha hizo mbili ataonekana amepanda kilo 1.5 njiani. Tunauchukua nyumbani asubuhi kadhaa mfululizo, baada ya daktari kuthibitisha kwamba miguu haina uvimbe na mapafu ni safi: baada ya kukojoa, kabla ya chai, bila viatu, bila simu wala funguo, na leso ile ile. Uzito huo unahakikiwa upya kila mwezi. Mgonjwa wa moyo anaweza kukonda misuli huku maji yakiongezeka, na mizani ikabaki palepale ikimdanganya kila mtu.

10 Machi: Karatasi ya dalili, toleo la kwanza na la pili

Toleo la kwanza lilikuwa na dalili kumi, kila moja ya 0 hadi 10, kila siku, mwezi mzima kwenye ukurasa mmoja. Zilirudi zimejaa vizuri mno. Wino mmoja, mwandiko mmoja, namba zinazopanda na kushuka kwa upole. Yeyote anayefanya utafiti wa dalili anapaswa kuzitilia shaka karatasi za namna hiyo. Mwaka 2002 Arthur Stone na wenzake walitoa katika jarida la BMJ matokeo ya watu wazima 80 wenye maumivu sugu, ambao nusu yao walipewa shajara za karatasi ndani ya jalada lenye kihisi kilichofichwa cha mwanga kinachojua limefunguliwa lini. Karatasi zilionyesha zimejazwa kwa wakati kwa asilimia 90. Kihisi kilionyesha asilimia 11. Wale hawakuwa wakaidi. Walijua karatasi inatakiwa ijae, basi wakaijaza.

Kwa hiyo badiliko la kwanza lilikuwa la maneno tunayoyasema mlangoni: "Mama, siku usiyopima iache wazi. Nafasi tupu ina faida kwetu kuliko namba ya kukisia." La pili, mwezi umekatwa kuwa ukanda wa wiki moja, na mhudumu wa afya ya jamii huuchukua kila Jumapili au Jumatatu na kuacha mpya. Ukanda wa siku saba ni mgumu kuupika. La tatu, dalili kumi zimekuwa nne: uzito, namna ya kulala, pumzi, kizunguzungu. Uvimbe wa miguu tuliutoa kwa shingo upande. Watu waliuandika kwa jicho, na jicho la jioni si la asubuhi. Mhudumu huukagua mwenyewe kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi anapochukua ukanda.

Rangi nazo zilikwama. Kijani, manjano na nyekundu hupendeza kwenye kompyuta, lakini ukurasa wa rangi ni KSh 30 na wa kawaida ni KSh 5, na nakala ya kawaida hugeuza rangi zote kuwa kijivu. Sasa ni maumbo: duara endelea kama kawaida, pembetatu fuata mpango wa daktari leo, mraba mweusi nenda hospitalini sasa hivi bila kungoja kupima chochote. Mraba una mambo manne: kuhema ukiwa umekaa, maumivu ya kifua, kuzimia, na makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Maumbo yako kwenye kadi ya plastiki (KSh 100 na kuifunika) inayotundikwa karibu na mizani.

31 Machi: Mito na pumzi

Swali la vitabuni la kupima shida ya kupumua usiku ni "unalala kwa mito mingapi?" Nyumba nyingi hazina mito mingi ya kuhesabu. Mtu hulala kwenye godoro sakafuni na nguo zilizokunjwa, au anahamia kwenye kiti cha sebuleni na kusema amelala vizuri, kwa sababu kweli kwenye kiti alilala. Tumebadilisha kuwa michoro mitatu ya mistari: amelala chali, ameinua kifua, ameketi. Mgonjwa hutia alama kwenye mchoro wa jana usiku. Kuhama kutoka mchoro mmoja kwenda unaofuata ni pembetatu hata kama mizani haijasogea.

Kwa pumzi, namba 0 hadi 10 iligawanya watu: wengine waliandika 5 kila siku, wengine 0 na 10 peke yake. Tumeweka kipimo cha mkono, ngumi ni sifuri na vidole vitano ndiyo mbaya kabisa, kikiambatana na kazi moja ambayo kila mgonjwa amejichagulia mwenyewe: kwenda chooni na kurudi, kufagia chumba, kuvaa nguo zote hadi viatu. Kazi iwe ndani ya boma. Waliochagua kupanda hadi barabarani ilibidi wabadilishe, kwani matope ya masika hufanya njia ile ile kuwa ngumu maradufu, na karatasi ingeandika ugonjwa umezidi ilhali ni mvua.

28 Aprili: Masika, na saa ya dawa ya maji

Upande wa Kano udongo mweusi umevimba na sakafu zimelainika. Mbao zilizokuwa imara Februari sasa zinacheza. Tumezipandisha juu ya matofali manne yaliyolazwa bapa, na jaribio la paketi ya unga hufanywa kila wiki badala ya kila mwezi hadi udongo ukauke.

Lakini jambo kubwa la kipindi hiki halikutoka kwenye mizani. Uzito ulikuwa ukipanda siku maalumu za wiki kwa baadhi ya wagonjwa, na siku hizo zilikuwa za soko, za kanisa na za kliniki. Furosemaidi ya kumeza huanza kazi ndani ya dakika 30 hadi 60, hufikia kilele saa moja hadi mbili baada ya kumezwa, na huisha baada ya saa 6 hadi 8. Anayeuza mboga soko la Kibuye tangu alfajiri, au anayepanda matatu kutoka Ahero, hawezi kuimeza asubuhi na kusafiri. Choo kiko wapi? Akiiruka asubuhi, haimezi tena hadi kesho. Na kliniki inamwona siku ambayo hakuimeza, kisha inamwandikia kipimo kikubwa zaidi.

Tuliipeleka kwa daktari na mpango ukaongezewa sentensi moja: siku ya safari, meza ukirudi, mradi iwe kabla ya saa kumi alasiri ili usiku usivurugike. Haigharimu kitu. Kama mtu ana nafasi ya kuiga jambo moja tu katika shajara hii, aige hili.

19 Mei: Chumvi, magadi na maji ya jivu

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko cha chai kisichojaa. Kupima mkojo wa saa 24 ndiyo njia bora ya kujua mtu anakula kiasi gani, lakini hatuna fedha hizo. Tulianza na hesabu ya paketi: gramu 500, watu watano, ikidumu siku 20, ni gramu 5 kwa kila mtu kwa siku. Ikiisha kwa siku 10, nyumba inakula mara mbili. Familia huandika tarehe ya kufungua na ya kumaliza kwenye paketi yenyewe.

Hesabu ziliharibika kwa njia mbili. Chumvi ile ile ilikuwa ikikausha samaki na kupewa mbuzi, na wageni wa matanga walikula bila kuhesabiwa. Sasa paketi ya kupikia inamiminwa kwenye kopo lake lenye kifuniko (KSh 100), na wiki ya matanga tunaifuta kabisa badala ya kujaribu kuirekebisha.

Kisha kukawa na nyumba ambazo chumvi ilishuka vizuri na miguu ikaendelea kuvimba. Jibu lilikuwa kwenye sufuria ya mboga. Saga, managu, mitoo na kunde hupikwa na magadi ili zilainike na uchungu upungue, na mtu aliyekatazwa chumvi huongeza magadi ili mboga isipooze. Magadi ni kaboneti ya sodiamu, na sodiamu, iliyomo pia kwenye chumvi, ndiyo inayoshikilia maji mwilini. Moyo hautofautishi sodiamu ya kwenye paketi na ile ya mawe ya magadi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akivunja shauri la muuguzi. Aliambiwa apunguze chumvi, akapunguza chumvi.

Maji ya jivu, yanayochujwa kutoka jivu la maganda ya maharagwe na kupendwa sana upande wa Vihiga na Kakamega, yana hatari nyingine. Jivu la mimea lina potasiamu nyingi. Wagonjwa wengi wa moyo wako kwenye dawa za enalapril na spironolaktoni, na zote mbili huzuia potasiamu isitoke mwilini. Ikizidi inaweza kusimamisha moyo, na mara nyingi haina dalili ya kumwonya mtu mapema. Kwa hiyo usimwambie mtu abadilishe chumvi kwa maji ya jivu eti ni ya asili, wala kwa chumvi ya dukani iliyotengenezwa kwa potasiamu. Tumeomba kipimo cha damu kwa wale wanaoyatumia mara kwa mara.

Mapishi tuliyoyakubali na familia: mboga ichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe uchungu utoke, kisha ilazwe kwenye maziwa usiku kucha kama desturi ilivyo, bila magadi, na ndimu itiwe mezani. Mitoo bila magadi huchukua muda mrefu jikoni na kuni huongezeka. Mpishi aambiwe hilo mapema.

9 Juni: Dawa za maumivu

Uzito kupanda bila chumvi kuzidi, bila dawa kurukwa. Kila ilipotokea tuliuliza kuhusu goti na mgongo. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa dukani kwa tembe moja moja, na zote hufanya figo zishikilie chumvi na maji, zikipingana na furosemaidi. Hakuna aliyezitaja kliniki, kwa sababu swali lilikuwa "unatumia dawa zako?" na hizi hawazihesabu kuwa zao. Swali jipya: "Wiki hii umemeza nini kingine, hata cha kichwa, hata ulichopewa na jirani?" Mbadala ni parasetamoli ya tembe za kawaida. Ile ya kuyeyushwa kwenye maji, inayotoa mapovu, ina sodiamu.

Kikohozi kikavu kisichoisha kipelekwe kwa daktari bila kusubiri ukanda. Kinaweza kuwa maji kwenye mapafu, na kinaweza kuwa enalapril yenyewe. Mwenye kukohoa asijiachishe dawa.

30 Juni: Mizani inaposhuka

Kadi ilikuwa na pembetatu ya kupanda tu. Mvua na mafuriko yameleta kuharisha, na mtu anayeharisha huku akiendelea na furosemaidi, enalapril na spironolaktoni hukauka, shinikizo la damu hushuka na figo huumia. Kwenye kanda tuliona kizunguzungu cha kusimama kikiandikwa pamoja na uzito unaoporomoka, na kadi haikuwa na la kusema. Daktari ameongeza: uzito ukishuka zaidi ya kilo 2 chini ya msingi, au ukiharisha au kutapika siku nzima, simamisha dawa ya maji na upige simu siku hiyo hiyo. Enalapril na spironolaktoni ataamua yeye kwenye simu. Kwa wale waliowekewa kikomo cha maji ya kunywa, kikomo hicho kinaondolewa hadi kuharisha kuishe.

Gharama kwa nyumba moja hadi sasa: mizani 1,200, ubao 233, betri mbili 160, kanda za miezi sita 130, kadi 100, kopo 100. Jumla KSh 1,923, bila nauli ya mhudumu, ambayo ni KSh 200 kwa kila ziara upande wa Ahero na ndiyo inayokula bajeti kuliko vifaa vyote. Kwa nyumba za mbali tutajaribu mhudumu aende kila wiki ya pili, na wiki ya katikati mjukuu apige picha ya ukanda na kuituma kwa simu, ukurasa ukiwa na namba ya siri tu. Kadi mpya zenye pembetatu mbili zinachapishwa, na za zamani zitarudishwa zote kabla mpya hazijatundikwa.